Gari la kasi, mvua ya Mbeya: Tairi gani linashika barabara?

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

UKISIMAMA kando ya barabara kuu pale Iyunga, jijini Mbeya, hutakaa muda mrefu kabla hujaliona. Katikati ya malori ya Tunduma, Hiace za Mbalizi na bodaboda zilizobeba magunia ya mkaa, linapita Subaru Impreza lenye bomba la moshi linalonguruma, rimu zinazong'aa na spoila nyuma.

Mwenye gari mara nyingi si mtoto wa mkubwa kama watu wanavyodhani. Ni mfanyabiashara wa mchele wa Mbarali, dalali wa viazi wa Uyole au mkulima wa kahawa wa Mbozi aliyeuza vizuri, akalipa madeni, akaamua na yeye ale matunda ya jasho lake.

Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya unaanza pale mtu anapotumia mamilioni kwenye injini na rangi, halafu likija suala la matairi anauliza swali moja tu: "Ya bei ya chini ni shilingi ngapi?"

Gari lote lile, uzito wake wa kilo 1,400 hadi 1,500 na nguvu zake zote, linagusa lami katika sehemu nne, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja. Ukiziunganisha zote nne unapata eneo linalolingana na karatasi moja ya kupigia chapa. Kuondoka, kukata kona na kusimama, vyote vinapita hapo.

Impreza WRX STI lililouzwa Japani katika miaka ya 2000 lilikuwa na nguvu za farasi 280. Hapa kuna jambo ambalo madereva wa Nyanda za Juu wanalijua hata kama hawalielezi kitaalamu. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake. Injini ya turbo hujisukumia hewa yenyewe, kwa hiyo haidhoofiki kiasi hicho. Ndiyo maana magari ya turbo yanapendwa huku. Lakini hakuna turbo ya tairi.

Barabara yenyewe

Kutoka Iyunga kuelekea Mbalizi na Songwe unashuka mteremko wa Iwambi. Ukienda upande wa pili, baada ya Uyole kuna Mlima Nyoka. Barabara hii ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia ilijengwa kwa ajili ya mizigo, na mizigo ndiyo inayoitawala mpaka leo. Lori lililopakia linashuka kwa gia ya chini, taratibu kama kobe, nyuma yake foleni. Linaloshindwa breki halina taratibu: mwezi Juni mwaka 2025 watu 28 walipoteza maisha mkoani Mbeya baada ya lori kugongana na basi dogo la abiria.

Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna mvua. Kuna matone ya dizeli yaliyomwagwa na malori, kuna tope linaloletwa kwenye lami na magari yanayotoka mashambani, na mvua ya kwanza baada ya miezi ya kiangazi huchanganya vyote hivyo kuwa kama sabuni. Hapo dereva wa gari la kasi anayekuja nyuma ya lori lililosimama ghafla hana haja na nguvu za farasi. Ana haja ya kusimama.

Tufanye hesabu, ni ya fizikia ya sekondari tu. Chukua magari mawili yanayofanana, yanashuka mteremko unaopungua mita 7 kwa kila mita 100, lami imelowa, kasi ni kilomita 80 kwa saa. La kwanza lina matairi mazuri yanayotoa msuguano wa 0.7. La pili lina matairi yaliyozeeka yanayotoa 0.45. Breki zikishakamata, la kwanza linasimama baada ya mita 40 hivi. La pili linahitaji mita 66.

Tofauti ya mita 26 inaweza kusikika ndogo ukiwa umekaa sebuleni. Iangalie hivi: pale ambapo gari la kwanza limekwisha simama, la pili bado linakwenda kwa kilomita 50 kwa saa. Hiyo ni kasi halali kabisa ya kupita kwenye makazi ya watu. Kwa kuingilia nyuma ya tela la lori, ni kasi ya kuua.

Wapo watakaojibu kwamba Subaru lao linavuta kwa magurudumu yote manne. Ni kweli, na sifa hiyo inasaidia sana wakati wa kuondoka na kupanda kwenye tope. Lakini kila gari, hata kigari cha bei ya chini kabisa, linafunga breki kwa magurudumu manne. Kwenye kusimama, Subaru halina la ziada. Tena linaweza kumdanganya dereva: kwa kuwa linaondoka bila kuteleza, anaamini barabara si telezi, na anagundua ukweli kwenye breki ya kwanza.

Yaliyokuja na gari

Kosa la kwanza linatoka bandarini. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, na mengine yanatoka mikoa ya kaskazini ya nchi hiyo ambako theluji huanguka kila mwaka. Hayo huweza kufika yakiwa na matairi ya theluji.

Mnunuzi akiyaona anafurahi. Kashata zake ni ndefu, zimechanjwachanjwa mistari myembamba, mpira ni laini ukiubonyeza kwa kucha. Anaambiwa hayo ndiyo yanayoshika barabara. Yanashika, ila kwenye barafu. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya sifuri. Kwenye lami ya Mbeya saa nane mchana zile kashata zinayumba kama mguu ndani ya kiatu kikubwa, gari linachelewa kuitikia usukani, linachelewa kusimama kwenye maji, na mpira unaliwa haraka.

Kuyatambua si kazi. Tazama ubavuni utafute neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na alama ya theluji ndani yake. Mengi yana herufi Q, maana yake yameruhusiwa kasi isiyozidi kilomita 160 kwa saa, kwenye gari lililojengwa kwenda zaidi ya 200.

Ubavuni kuna maandishi mengine ambayo muuzaji hatakusomea. Tuseme limeandikwa 225/45R17 91W, saizi inayofaa STI la miaka ya mwanzo ya 2000. Tairi lina upana wa milimita 225, ubavu wake ni asilimia 45 ya upana huo, na rimu ni inchi 17. Namba 91 inamaanisha kila tairi linaweza kubeba kilo 615. Herufi W ni kasi ya hadi kilomita 270 kwa saa. V ni 240, H ni 210, T ni 190.

Utauliza, W ya nini na kikomo kwenye makazi ni 50? Swali zuri. Herufi hiyo haikupi ruhusa ya kukimbia. Inaeleza jinsi tairi lilivyofumwa na linavyovumilia joto, na tairi la T kwenye gari zito lenye nguvu hulegea kwenye kona muda mrefu kabla ya kufika 190.

Kisha tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa halijawahi kugusa barabara na bado likawa zee. Mpira hukauka kwa jua na hewa, na tairi lililoning'inizwa mbele ya duka likipigwa na jua la milimani miaka minne si jipya kwa maana yoyote ya kumsaidia mteja. Michelin, kwa mfano, inashauri tairi lianze kukaguliwa na fundi kila mwaka likifikisha miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka kumi tangu litengenezwe hata kama linaonekana zima. Kwa gari la kasi na kwa barabara zetu, mwandishi asingefika hata kwenye miaka saba.

Namba ya uimara

Matairi yanayouzwa Marekani huwa na namba ya uimara, nayo huonekana hata kwenye mengi yanayofika kwetu. Hupatikana kwa kuendesha magari kwa msafara huko Texas, karibu kilomita 11,600, na kulinganisha tairi na lile la kipimo lenye namba 100. Lenye 400 linatarajiwa kudumu mara nne ya lile la kipimo. Anayeliweka daraja ni kiwanda chenyewe, hivyo ichukue kama fununu, si hati ya kiapo.

Kwa jumla namba ikishuka, mpira ni laini na unanata zaidi. Toyo Proxes R888R ina 100. Bridgestone Potenza RE-71R na Yokohama Advan A052 zina 200. Michelin Pilot Sport 4S ina 300. Matairi ya kawaida ya familia huanzia 400 na kuendelea.

Vijana wengi wakisikia hivyo wanataka la 100 au 200, na hapo ndipo mwandishi anapotofautiana nao. Matairi hayo ni ndugu wa yale ya viwanja vya mashindano. Mpira wake hutaka kupashwa moto kwanza ndipo unate. Juni na Julai, alfajiri ya Mbeya hushuka hadi nyuzijoto 6 au 7, na kwa baridi hiyo mpira wa namna hii huwa mgumu kama soli ya kiatu cha jeshi. Mfanyabiashara anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi mzigo ataendesha kilomita za mwanzo akiwa na mshiko mdogo kuliko wa teksi iliyo mbele yake.

Zaidi ya hapo, mengi ya aina hiyo yana mifereji michache. Mifereji ndiyo inayotoa maji chini ya tairi. Isipotosha, gari linaelea juu ya maji kama mtumbwi, na usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi. Yeyote aliyewahi kuusikia wepesi huo hatausahau.

Kinachofaa hapa ni daraja la katikati: tairi la michezo la barabarani, lenye namba kati ya 280 na 400 hivi, mifereji mipana inayozunguka tairi zima, na daraja la AA au A la kusimama kwenye maji. Tahadhari moja: kipimo hicho cha Marekani kinapima kusimama kwa mstari ulionyooka tu, hakisemi lolote kuhusu kona. Kama tairi lina lebo ya Ulaya iliyoanza mwaka 2012, angalia alama ya mshiko kwenye maji, ambako A ndiyo bora.

Siri ya matairi haya iko kwenye silika, madini ya jamii ya mchanga yanayochanganywa kwenye mpira. Zamani kilichotumika kuimarisha mpira ni masizi meusi peke yake. Tangu Michelin ilipoanza kuuza matairi ya silika mwanzoni mwa miaka ya 1990, imewezekana tairi moja lishike vizuri kwenye maji bila kula mafuta mengi. Mengi ya bei ya chini kabisa yanabana hapo hapo, kwenye mchanganyiko, kwa sababu mteja haoni kwa macho. Kashata anaziona, silika haioni.

Rimu kubwa, ubavu mdogo

Ugonjwa mwingine ni rimu za inchi 18 na 19. Tairi la 225/45R17 lina ubavu wa milimita 101. Ukienda kwenye 225/40R18 unabaki na 90, na kwenye 225/35R19 unabaki na 79. Ubavu ndio unaopokea shimo kabla rimu haijapokea. Ukingo wa lami uliomegeka, tuta lisilo na alama na kokoto za barabara ya kuchepuka haviangalii kama rimu ni ya bei.

STI lenye breki kubwa za Brembo halikubali rimu nyingi za inchi 16, kwa hiyo 17 ni kiwango cha busara: breki zinaingia, ubavu unabaki, na matairi ya saizi hiyo hupatikana kirahisi zaidi kuliko ya 19.

Uhaba huo una maana kubwa kwa Subaru, maana lina masharti yake. Mfumo unaogawa nguvu mbele na nyuma unataka matairi yote yazunguke sawa. Kampuni inashauri tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, ambayo ni sawa na tofauti ya milimita 1 tu ya urefu wa kashata. Tairi moja likichanika ubavuni huku matatu yaliyobaki yamekwisha liwa milimita 3, huwezi kununua moja jipya ukaendelea na safari zako. Ukifanya hivyo, mfumo wa katikati unafanya kazi ya kurekebisha tofauti muda wote, unachemka, na bei yake inazidi ya matairi yote manne.

Kwa hiyo nunua manne, ya aina moja, na kama mfuko unaruhusu weka la tano stoo, mahali penye giza na pasipo mafuta.

Mahesabu ya mfuko

Hebu tutumie bei za mfano, si za duka fulani. Tairi la shilingi 250,000 linalodumu kilomita 20,000: manne ni milioni moja, sawa na shilingi 50 kwa kila kilomita. La shilingi 400,000 linalodumu kilomita 40,000: manne ni 1,600,000, sawa na shilingi 40. Lile la kunata la shilingi 700,000 linaloisha kwa kilomita 14,000 linafika shilingi 200 kwa kilomita.

Linganisha na mafuta. Gari la turbo linalokwenda kilomita 8 kwa lita, petroli ikiwa shilingi 3,000, linatumia shilingi 375 kwa kilomita. Mtu anayelipa kiasi hicho kwa kukanyaga mafuta, halafu anapigania shilingi 10 au 20 kwenye kitu kinachomsimamisha, hesabu zake zina kasoro ambayo asingeikubali kwenye magunia ya mchele.

Kwa nini bei ni kubwa? Kila tairi la aina hii linatoka nje. Tulikuwa na General Tyre ya Arusha, iliyomilikiwa na serikali kwa ubia na Continental ya Ujerumani, na ilisimamisha uzalishaji mwaka 2009. Mashamba yake ya mipira ya Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga huko Kilombero yalibaki bila kiwanda cha kuyapokea. Wakulima wanaosoma kurasa hizi wanaielewa hadithi ya namna hiyo bila kuelezwa. Hata hivyo tusijidanganye: utomvu wa mpira wa asili unakwenda kwa wingi zaidi kwenye matairi ya malori. Tairi la gari la kasi hutumia zaidi mpira wa viwandani na silika, na kiwanda cha Arusha kingehitaji mitambo mingine kabisa.

Siku ya kufunga

Tairi zuri linaweza kuharibiwa siku ya kwanza. Mafundi wetu wengi wana upepo wa aina moja kwa magari yote, pauni 40 "ili yawe mepesi". Tairi lililojazwa kupita kiasi hugusa lami katikati tu, na mshiko ulioulipia unabaki hewani. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwani joto likipanda kwa nyuzi 5 au 6 upepo huongezeka kwa takriban pauni moja. Geji yako mwenyewe ni bora kuliko ya gereji ambayo imeanguka chini mara mia.

Alaimenti na balansi visiahirishwe. Tairi laini linalokwenda upande huliwa ndani ya miezi, na huliwa upande wa ndani ambako huoni mpaka nyuzi zitokeze. Kilomita mia mbili au tatu za mwanzo uende kwa adabu: mpira mpya una utelezi wa kiwandani mpaka ngozi ya juu ikwanguke.

Pancha ya kati ya kashata izibwe kwa ndani, tairi likiwa limetolewa kwenye rimu. Pancha ya ubavuni haizibwi, hata fundi akikuapia.

Alama za kuisha zilizomo ndani ya mifereji zinaonyesha milimita 1.6, na nchi nyingi zimeweka huo kuwa mwisho wa sheria. Kwa mvua za huku ni mwisho wa kuchelewa. Uwezo wa kutoa maji hushuka vibaya kashata zikiwa chini ya milimita 3. Pima mwezi Oktoba, kabla ya mvua. Kama yamebaki milimita 3 na nusu, msimu huu hayatakufikisha Aprili.

Ukiyatoa, usimwachie fundi. Matairi hayo huoshwa, hupakwa rangi nyeusi, na ndani ya wiki moja yamefungwa kwenye teksi inayobeba watoto wa shule kuteremka Iwambi. Mwombe fundi ayachane ubavuni kwa kisu mbele ya macho yako, kisha wapelekee watengeneza katambuga au uyatumie shambani kuzuia udongo kwenye matuta.